Sura Iliyoshonwa kwa Uzi Mwekundu

Kaka yangu mpendwa,

Kabla ya yote niambie goti linasemaje. Wifi ameniandikia kwamba siku hizi unapanda ngazi za karakana yako kwa ubavu kama kaa, na ukiulizwa unasema ni mazoezi. Mazoezi gani hayo ya kuuma meno? Nenda kwa daktari, na ukifika kwake usianze kumweleza habari za dunia. Kunja suruali, mwonyeshe goti. Na watoto, je? Yule wa pili ameacha kukohoa? Waambie shangazi yao anawauliza mmoja mmoja, si kwa jumla kama mgeni rasmi.

Sisi huku hatujambo. Shemeji yako anakusalimu sana. Amestaafu mwezi wa tatu sasa, na kutwa anazunguka nyumba na bisibisi akikaza kila skrubu anayoiona, hata zile ambazo hazijalegea. Juzi alikaza bawaba za kabati mpaka mlango ukagoma kufunguka, na nguo zangu za kazini zilikuwa ndani. Nilikwenda kazini na koti lake. Mimi mwenyewe nipo, nina afya, nina sauti, bado niko kwenye mashine ya matundu ya vifungo, na wenzangu bado wananiita Pingamizi. Zamani jina hilo lilinikera. Siku hizi naitika kabla hawajalimaliza.

Kifurushi chako kilifika salama. Riwaya tatu, na kila moja sura yake ya mwisho umeishona ukingoni kwa uzi mwekundu, mishono mitano, kama ulivyonifanyia tangu ulipoingia kazi ya kujalidi vitabu nikiwa na miaka kumi. Sheria ni ile ile: nisikate uzi mpaka nikuandikie jinsi ninavyodhani hadithi itaisha, na barua iwe imeshaingia kwenye sanduku la posta. Zaidi ya miaka arobaini nimeitii sheria hiyo, mimi ambaye sikuwahi kutii hata mistari ya daftari. Mwaka huu nimeivunja. Nitakueleza, lakini niache nianze mwanzo, maana nikianzia huko utaiweka barua chini na kuanza kunikaripia peke yako.

Unaujua utaratibu wetu wa kazini, ila nakukumbusha kwa sababu safari hii una maana yake. Tunashona sare za shule na za hospitali. Baada ya chakula cha mchana, kwa saa nzima, mimi naacha mashine yangu, naketi kwenye kigoda katikati ya karakana na kuwasomea wenzangu kwa sauti. Wao wanagawana matundu yangu ya vifungo, kila mmoja machache, ili hesabu ya siku isipungue. Msimamizi alikubali alipogundua kwamba katika saa hiyo hakuna anayepiga soga na hakuna anayekwenda kunawa mikono mara sita. Mbele yangu kuna meza ya mkataji, mzee mwembamba tunayemwita Mzee Mkasi, anayekata vitambaa na kukata watu pia. Nyuma yangu, karibu kabisa, ni meza ya mpiga pasi. Huyo tunamwita Mama Mvuke. Pasi yake inapuliza mpaka kola yangu inalowa, na yeye mwenyewe huweza kumaliza wiki bila kutamka maneno kumi.

Haya, vitabu.

Cha kwanza ni kile kinene ambacho magazeti yamekisifu mpaka yakaishiwa maneno. Bwana mmoja wa ofisini ameketi dirishani kwa kurasa mia tatu akijiuliza kama amwache mkewe. Mke hana hata jina. Kazi yake katika kitabu ni kuleta chai. Nimehesabu, ameileta mara kumi na moja. Ilipofika ya saba karakana nzima ikaanza kumshauri. Wa mashine ya mikono ya mashati alisema aitie chumvi. Wa zipu alisema amwagie mapajani, hapo ndipo bwana atajua anataka nini maishani. Mzee Mkasi akasema mtu huyo aletwe hapa apewe suruali hamsini za kukata, na kama kufikia saa kumi bado ana nafasi ya kujiuliza, yeye Mkasi ataacha kazi. Nilikuandikia kwamba bwana ataondoka. Nikakata uzi, na nikakuta nini? Amefunga dirisha. Kaka, amefunga dirisha! Nimewaandikia wale wa gazeti barua ya kurasa mbili kuuliza kama mtu akifunga mlango wa choo atasifiwa pia. Hawajaichapa.

Lakini haki yake nimpe. Katikati ya kitabu bwana huyo anakumbuka mikono ya baba yake ikimfunga vifungo vya koti asubuhi ya baridi, kuanzia juu kwenda chini, na namna kifungo cha mwisho kilivyomlazimisha baba apige magoti. Ukurasa huo niliombwa kuurudia. Wanawake wanaotoboa matundu ya vifungo mia nne kwa siku walisimamisha mashine kusikia habari za kifungo kimoja. Kwa ajili ya ukurasa huo namshukuru mwandishi, na hizo nyingine namsamehe.

Cha pili ni kile kidogo, chenye jalada la kijivu, ambacho hakuna gazeti lililokitaja. Uliokota wapi kitu kama kile? Mwalimu mstaafu na jirani yake, mwanamke mpiga tarumbeta, wanatenganishwa na ukuta mmoja mwembamba, na kitabu kizima hawaonani. Wanasikiana tu. Ndoo, kikohozi, redio, kijiko kwenye kikombe. Mimi kwa akili zangu nyingi nilikuandikia kwamba wataoana. Nikakata uzi nikakuta yule mwalimu, baada ya kusikia jirani yake anaugua, amekwenda kununua viatu vya soli laini. Basi. Anavivaa, anatembea chumbani mwake polepole, kitabu kimeisha. Nilikaa na kitabu mapajani nikasahau hata kukosoa, na wenzangu wakashtuka, wakadhani nimepatwa na kitu.

Utaniuliza kuna tofauti gani kati ya dirisha lililofungwa na viatu vya soli laini, kwamba yote mawili ni mambo madogo. Ipo. Yule wa dirisha alikuwa anataka tumtazame yeye. Huyu wa viatu alikuwa anamfikiria mtu wa upande wa pili wa ukuta. Riwaya nyingi nilizozisoma maishani, na nimesoma hata zile zilizotakiwa kutumika kufungia vitunguu, naweza kuzigawa kwa kipimo hicho. Kwa hiki cha kijivu nakushukuru kuliko kawaida. Nimekosea kudhani, na sijawahi kufurahia kukosea namna hii.

Sasa cha tatu. Hapa ndipo nataka ukae vizuri.

Mama mwoka mikate alimfukuza binti yake wa pekee. Alimwambia asirudi, na binti akatii. Miaka tisa baadaye mama anaanza kumtafuta, mji hadi mji, akiwa na mkate kwenye mkoba. Kila unapokauka anaoka mwingine kwenye jiko la watu. Kabla ya sura uliyoishona, amepanda ngazi za jengo refu, amesimama mbele ya mlango, mkono ameuinua kubisha. Mshono. Uzi mwekundu.

Kuna jambo hukulijua ulipokichagua kitabu hicho. Mama Mvuke naye ana binti. Miaka sita iliyopita walikosana kwa sababu ya mwanamume ambaye binti alimchagua, na siku ya kumfukuza, Mama Mvuke alizitoa nguo za mtoto na kuziweka nje ya mlango zikiwa zimepigwa pasi na kukunjwa vizuri. Karakana nzima tunaijua habari hiyo, na hakuna anayeitaja. Nilipofika sura ya tatu nikaona kitabu kinaelekea wapi, nikataka kukiacha, nikasingizia kwamba maandishi ni madogo. Siku iliyofuata nikakuta taa ya meza yake ameihamishia kwenye kigoda changu. Na kuanzia hapo, kila nilipoanza kusoma, mvuke ulizimwa. Shingo yangu ikawa kavu kwa mara ya kwanza katika miaka minne. Anapiga pasi kavu ili asikie.

Ilikuwa Ijumaa tulipofika mlangoni. Nilifunga kitabu kama kawaida, nikawaambia mwisho watausikia Jumanne, barua yangu kwako ikishaondoka. Ikawa kelele. Mzee Mkasi alisema yule mama ameinua mkono, sasa mimi nataka akae hivyo siku nne nikisubiri posta, kwani hatumwonei huruma hata bega? Wa zipu alisema kaka yangu ni mtu mwema lakini sheria zake ni za jela. Mimi nikashikilia, unanijua. Kisha sauti ya nyuma yangu ikasema, soma, dada, tafadhali, mimi leo siwezi kwenda nyumbani bila kujua.

Kaka, katika karakana ya kushona hakuna anayekosa mkasi. Mikasi thelathini ilinyooshwa kwangu kwa pamoja. Nikachukua wa jirani, nikakata mishono yako mitano.

Sasa kumbuka mimi ni nani. Mimi ndiye niliyewaandikia barua nne wale waliotoa riwaya za shule zilizopunguzwa majonzi. Niliandika kwamba msomaji si mgonjwa wa kulishwa uji. Niliandika kwamba anayebadili neno la mwandishi ni mwizi anayeingia nyumba ya mtu na, licha ya kuiba, anapanga na viti upya. Na mimi ndiye niliyegombana, miaka kumi na moja iliyopita, na wachapishaji wa kile kitabu cha watoto, cha mtoto anayemngoja mama yake darajani, kile ulichonisomea nilipokuwa na miaka saba. Nilinunua toleo jipya nikakuta sura ya mwisho haimo, ile ya mama kurudi na viatu vyenye matope akicheka. Nikawaandikia kwamba wameikata. Wakanijibu kwa adabu kwamba matoleo yote ni sawa na sura hiyo haijawahi kuwemo. Nikawaita waongo, kwa maandishi, na nakala nikampelekea mhariri wa gazeti. Huyo ndiye mimi, niliyeketi kwenye kigoda siku ya Ijumaa na kitabu wazi mikononi.

Nikapitisha macho haraka kabla ya kufungua mdomo. Binti anafungua mlango kidogo, mnyororo ukiwa bado umefungwa. Anamtazama mama. Anasema amekosea nyumba, yeye hana mama. Mlango unafungwa. Mama anaacha mkate kwenye kizingiti na kushuka ngazi akizihesabu, sitini na mbili, mpaka barabarani. Ndio mwisho. Na ni mwisho mzuri, lazima niseme, mwandishi ameufikia kwa miguu yake mwenyewe, hakubebwa. Siku nyingine yoyote ningeupigania mwisho huo na yeyote ambaye angethubutu kuulalamikia.

Nyuma yangu hakukuwa na mvuke, wala pasi yenyewe sikuisikia ikigusa meza. Nikafungua mdomo nikasoma maneno ambayo hayakuwemo.

Nikasoma kwamba binti aliutoa mnyororo. Kwamba hakusema kitu, alimtazama mama yake viatu, akamuuliza kama amekula. Kwamba waliketi mezani, na mkate ulikuwa umeshakauka wakauchovya kwenye chai, na hakuna aliyeomba msamaha siku hiyo, ila mama alipotaka kuondoka binti alikuwa ameshauficha mkoba wake. Niliendelea hivyo dakika kumi nzima. Kaka, nilitia hata paka. Nilipomaliza, Mzee Mkasi alipenga kamasi kwenye kipande cha bitana ya mfuko wa sare ya shule na kusema huyu sasa ndiye mwandishi, si yule wa dirisha. Mimi nikafunga kitabu, nikarudi kwenye mashine yangu, nikainamia matundu yangu. Wenzangu wakadhani nimeguswa.

Jumatatu meza ya pasi ilikuwa tupu. Msimamizi akasema Mama Mvuke ameomba ruhusa ya siku nne, amekwenda kumwona mtoto wake.

Sijui kama nitaweza kukuambia siku hizo nne zilivyokuwa. Siku ya kwanza nilitoboa tundu la kifungo katikati ya mgongo wa sare ya muuguzi. Saa ya kusoma nikasema koo linauma, wakanipa maji ya moto. Kila nilipofumba macho niliona ngazi, na yule mwanamke mnene wa watu akizishuka, moja moja, mpaka sitini na mbili, kwa sababu mimi nilimwambia mlango utafunguliwa. Miaka yote nimepiga kelele kwamba vitabu vina nguvu, kwamba vinaweza kumtoa mtu alipo na kumpeleka kwingine. Kumbe nilikuwa nasema tu. Siku mtu ameinuka kweli akaenda, nikaogopa mpaka nikashindwa kula. Na kilichomwinua hakikuwa hata kitabu. Nilikuwa mimi.

Ijumaa alirudi. Aliweka mkoba wake chini ya meza, akajaza maji kwenye pasi, akaja akasimama kando ya mashine yangu. Akaniambia yote, na kwa mtu wa maneno kumi kwa wiki, siku hiyo alitumia ya mwaka mzima. Binti alifungua mlango. Hakuuliza kama mama amekula. Alimwambia maneno makali, mengine ya kweli, pale pale kizingitini, na mama akayasikiliza yote amesimama mpaka miguu ikamvimba. Mwishoni binti akasema aingie basi, majirani wanatazama. Alilala kwenye kochi. Siku ya pili hawakusemezana. Siku ya tatu binti alitoa blauzi yake ya kazini, akaiweka mezani karibu na pasi, akatoka chumbani. Mama Mvuke akaipiga pasi. Alisema hajawahi kupiga pasi kitu polepole namna ile. Binti alipoivaa akasema kola imekaa vizuri. Wakati wa kuagana akauliza kama mama atakuja tena mwezi ujao, au ndiyo basi tena kwa miaka sita.

Kisha akaniomba kitabu. Alisema alimsimulia binti ile riwaya, na binti ni mtu wa vitabu, anataka aisome mwenyewe, hasa mwisho.

Nikamshika mkono nikampeleka ukumbini, penye bomba la kunawia, nikamwambia kweli. Nikamwambia hakuna mkate uliochovywa, hakuna paka, mlango katika kitabu ulifungwa. Nikamwambia nilidanganya, na kama angeumia ningekuwa nimemuumiza mimi. Niliongea haraka kama mtu anayeogopa kukatizwa.

Mama Mvuke akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka, ana kicheko chembamba, cha msichana. Akaniambia, dada Pingamizi, mimi nasimama nyuma yako. Ulisoma dakika kumi na hukufunua hata ukurasa mmoja.

Nikamuuliza, basi alikwendaje, kama alijua? Akasema ndiyo maana alikwenda. Akasema angekuwa ameandika mwandishi, angesema ni mambo ya vitabuni. Lakini alimwona mtu asiyekubali kubadilishiwa hata nukta, anayegombana na magazeti kwa ajili ya neno moja, ameketi mbele yake anadanganya huku masikio yamemwiva, kwa sababu tu hataki mama wa kwenye karatasi afungiwe mlango. Akajiuliza, yeye mwenye mtoto wa kweli anangoja nini. Akanipiga begani, akarudi kwenye pasi yake, na kabla sijakaa vizuri kola yangu ikawa imeshalowa.

Na sasa, Kaka, jambo lililonifanya niandike barua hii ndefu.

Maneno yale ya ukurasa usiofunuliwa hayakuniacha. Nilikuwa nikitembea kurudi nyumbani nikayasikia tena, na yakanipeleka mbali, kwenye chumba chetu cha zamani, wiki zile tatu mama alipolazwa hospitali kwa upasuaji na hakuna mtu mzima aliyekuwa tayari kutuambia kama atarudi. Wewe ulikuwa na miaka kumi na minne. Mchana ukitoka shule ulinisomea kile kitabu cha mtoto wa darajani. Mimi nililala chali, kichwa juu ya goti lako, nikilitazama jalada kwa chini. Lilikuwa na doa la wino pembeni, na kidole gumba chako kilikuwa juu ya doa hilo, kikiliacha kila ulipofunua ukurasa. Siku ya mwisho wa kitabu, siku ya mama kurudi na viatu vyenye matope, ulisoma kwa muda mrefu sana. Na kidole gumba hakikuondoka kwenye doa. Nililiona jambo hilo nikiwa na miaka saba, na nimelielewa nikiwa na hamsini na miwili.

Wachapishaji hawakukata kitu. Nimekitoa kabatini kile kitabu nilichonunua (ilibidi shemeji yako afungue skrubu zake zote), nimesoma tena ukurasa wa mwisho. Mtoto amesimama darajani, giza linaingia, anaendelea kungoja. Huo ndio mwisho uliokuwa umeushika mkononi, wewe mwenyewe hujui kama mama yako yu hai, na mdogo wako amekulalia gotini akitaka kujua. Ukafungua mdomo.

Na siku chache baadaye mama akarudi kweli, amepungua, amemshika baba mkono, akaishi nasi miaka ishirini zaidi. Mimi nikaamini kitabu kilikuwa kimejua. Ndiyo sababu niliwaamini waandishi maisha yangu yote, ndiyo sababu nimewapigania na kupigana nao. Kumbe niliyemwamini ni wewe. Na huu uzi wako mwekundu, na sheria yako ya kwanza andika unavyodhani itaisha, nilidhani ni mchezo wa mtu wa kujalidi. Sasa nadhani ulikuwa unanifundisha, mshono kwa mshono, kazi uliyoifanya siku ile, ili siku nikiihitaji nisiwe mgeni nayo. Kama nimekosea kudhani, usiniambie.

Ahsante, Kaka. Neno hili nimelitumia mara nyingi kwa kejeli magazetini, leo nalirudisha mahali pake.

Wachapishaji nao nimewaandikia kuwaomba radhi, miaka kumi na moja nikiwa nimechelewa. Nimesema kosa lilikuwa langu na sikutoa sababu, maana sababu ni yetu.

Bado nina ombi moja la kazi. Ndani ya kifurushi utakikuta kitabu cha mwoka mikate, pamoja na karatasi saba nilizoandika mwisho wangu, na paka wake. Huo mwisho wangu ndio dhana niliyopaswa kukuletea kabla ya kukata uzi. Naomba ukijalidi upya kwa ajili ya binti wa Mama Mvuke. Mwisho wa mwandishi usiuguse, ubaki mahali pake, herufi kwa herufi, hapo sijabadilika na sitabadilika. Wangu uweke nyuma yake, kwa karatasi ya rangi nyingine, ili asidanganywe mtu. Na nyuma ya wangu tia kurasa tupu chache, maana wenye hadithi yenyewe bado hawajafika mwisho. Mama Mvuke amesema atakichukua kitabu mwezi ujao, siku za safari yake.

Nisalimie Wifi, mwambie barua yake ilinifikia na uchongezi wake wote. Wanao wabusu kwa niaba ya shangazi yao. Mzee Mkasi anauliza kama una kitabu chenye mtu wa kazi ndani yake, maana hataki tena wa dirishani. Na kwa daktari, Kaka, nenda wiki hii. Goti hilo nililolilalia lina thamani kwangu kuliko unavyodhani.

Ni mimi mdogo wako,

Pingamizi, ambaye leo hana la kupinga.